Kandambili za mama

Leo nimempeleka mama kliniki, miezi 3 toka abadilishiwe nyonga ya kushoto. Eksirei safi, dokta kasema kile kichwa cha chuma cha nyonga mpya kimekaa vizuri kwenye kikombe chake.

Mnaomjua mnajua alivyokuwa anachechemea na ndoo za dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, watu wanasema uzee mara baridi yabisi mara karogwa, kumbe nyonga imelika mfupa unasagana na mfupa.

Kazi ilikuwa nyumbani jamani 😅 kigoda marufuku, kukunja nne marufuku, kuinama marufuku, na choo chetu cha kuchuchumaa ikabidi tutoboe kiti cha plastiki. Mama wa Kisukuma umwambie asiiname!

Sasa tunashuka daladala nikaziangalia kandambili zake.

Zamani ya kushoto ilikuwa inalika upande mmoja mpaka inatoboka, ya kulia nzima kabisa.

Hizi zimelika sawasawa.

Nikanyamaza tu, machozi yananilenga. Yeye ananiambia "we unashangaa nini, twende". Na fimbo kaisahau kwenye daladala!!

Waliouguza mtu wa nyonga, mlimruhusu kurudi kazini baada ya muda gani? Huyu kesho anataka Mwaloni.