Nilivyojifunza kuonja waini ya Porto iliyozeeka, nikiwa hapa hapa Dodoma

Mwezi wa kumi dada yangu alirudi likizo kutoka Ureno akaniletea chupa tatu za waini ya Porto, moja rubi (ile nyekundu), moja tawni (ile ya kahawia iliyozeekea pipani) ya miaka 10 na moja tawni ya miaka 20. Mimi nimekulia Mpunguzi, zabibu nachuma tangu niko shule ya msingi, nikaona hapa sina haja ya kuuliza mtu. Nikafungua ile ya 20 jioni hiyo hiyo, imetoka kabatini, na joto la Dodoma la mwezi wa kumi mnalijua, nikamimina kwenye glasi ya maji nikapiga fundo kubwa. Ikaniunguza koo, puani nasikia spiriti tu, mdomoni utamu umeganda. Kiukweli niliumia, maana kitu kimekaa kwenye pipa miaka yote hiyo halafu mimi nakinywa sisikii chochote.

Asubuhi nikamwambia dada. Akasema mdogo wangu, hiyo ina kilevi asilimia 20, usiichukulie kama waini yetu drai, ile isiyo tamu, ya 12 au 13, hiyo haitaki joto na haitaki haraka. Akanieleza inavyotengenezwa na hapo ndo nikaanza kuielewa. Zabibu zinalimwa bonde la mto Douro, zikishaanza kuchachuka hawaiachi hamira imalize sukari yote, baada ya siku mbili tatu hivi wanaingiza spiriti ya zabibu yenye kilevi asilimia 77, hamira inakufa na sukari iliyobaki inabaki. Yaani ule utamu ni wa zabibu yenyewe, umewahiwa kabla haujaliwa.

Halafu kuna suala la kuzeeka, na hili ndo lilinikamata kabisa. Rubi inatunzwa isipate hewa sana, ndo maana inabaki nyekundu na ladha ya tunda lililoiva. Tawni inakaa kwenye mapipa ya mbao ya lita kama 550, mbao zinapitisha hewa kidogo kidogo, kila mwaka kiasi fulani kinapotea kwa mvuke, na wekundu unafifia taratibu mpaka inakuwa kahawia. Na ile 20 kwenye lebo haina maana kila tone lina miaka 20, wanachanganya mapipa ya umri tofauti mpaka ladha ifike inapotakiwa. Ipo pia vinteji, ambayo inakaa pipani miaka kama miwili tu halafu inazeekea ndani ya chupa miaka na miaka, hiyo lazima uimimine pole pole uache mashapo chini, ila sijawahi kuionja kwa hiyo naiacha.

Jumamosi nikamwita baba mdogo, yeye amefanya kazi kwenye mashamba ya zabibu upande wa Bihawana maisha yake yote, ulimi wake nauamini kuliko wangu. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, friji haifai, basi nikafanya kama bibi alivyokuwa anafanya na maziwa, nikazungushia kila chupa kipande cha gunia kilicholowa nikaziweka barazani kwenye upepo, na upepo wa huku kwetu mkavu, baada ya saa moja na nusu ukishika chupa unasikia ubaridi kabisa. Tawni inataka ubaridi wa kiasi tu, kama nyuzi 12 mpaka 16, ukiigandisha harufu inajificha. Glasi nikatumia ndogo zenye mdomo uliobana, unamimina theluthi tu.

Mke wangu akamimina sisi tukiwa ndani, akabandika namba chini ya glasi, na akaongeza ya nne, waini tamu ya hapa hapa Dodoma, ili tuone. Nikaweka sahani nyeupe nyuma ya glasi kuangalia rangi. Pua usiizamishe ndani, ukizamisha spiriti inakupiga, ishike juu kidogo vuta mara fupi fupi. Halafu kijiko kimoja tu mdomoni, zungusha, meza, subiri. Kusubiri ndo kila kitu aisee, maana nyingine inaisha hapo hapo na nyingine dakika nzima bado unaisikia.

Rubi niliijua haraka, ni zambarau iliyoiva. Ya 10 nikasikia karanga za kukaanga na tende. Ya 20 rangi yake kama chai ya rangi iliyokolea, na ile ladha niliitafutia jina muda mrefu mpaka baba mdogo akasema, "Mwanangu, hii si asali ya nyuki wadogo?" Ndiyo yenyewe! Tamu lakini ina uchachu ndani unaokata ule utamu, halafu nyuma inakuja ganda la chungwa na sukari guru. Jioni ya kwanza nilikuwa natafuta maneno ya kwenye lebo wakati ladha zote nazijua kutoka jikoni kwetu.

Raundi ya kwanza nilikosea, 10 nikaiita 20, ya pili pia, ya tatu nikapatia, na kilichonisaidia ni ule uchachu wala siyo rangi. Ya kwetu baba mdogo aliitambua kwa harufu tu kabla hata hajaonja, akaishika glasi muda mrefu akasema, "Hii zabibu yake nzuri, haijapewa muda tu." Mimi nakubaliana naye kabisa, na linanikaa moyoni, sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, zabibu zipo, nani ataweka hata pipa moja pembeni aliache miaka 10?

Ya 20 imebaki kama robo chupa, nimeifunga vizuri iko kwenye friji, tawni ikifunguliwa inavumilia wiki kadhaa. Baba mdogo kasema Jumapili akitoka misa anapitia hapa, na anakuja na asali yake ya nyuki wadogo tuziweke pamoja.