Potwe wa Donsol

Mimi mtu wa kisiwa cha Mafia, Tanzania, nimesafiri mpaka Ufilipino kutafuta potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa meupe. Chekeni tu.

Donsol ni mji mdogo wa pwani, mkoa wa Sorsogon. Minazi, mto, pikipiki zenye kibanda cha abiria ubavuni. Potwe wao wanamwita butanding. Toka 1998 ni marufuku nchi nzima kumvua, na hapa hawamrushii chakula ili asogee kwa watalii. Wageni sita kwa boti, mitungi ya hewa hairuhusiwi, na kumgusa usithubutu.

Jana tulizunguka kwa muda wa saa tatu, patupu. Shingo imeungua, nahodha anasema "bukas", yaani kesho. Haya.

Leo kijana aliyesimama juu ya paa la boti akapiga mluzi. Kiongozi wetu: ruka! Nikaruka, miwani ikajaa maji. Na bahari yenyewe ya kijani, nzito kwa vijidudu anavyokula potwe, mbele huoni kitu. Nikamwaga maji, nikainamisha kichwa, nikaona madoa meupe yanapita chini ya tumbo langu. Yakapita, yakapita, yakapita... ndipo mkia ukaja, taratibu, kama mlango mkubwa unafungwa.

Boti zao, jamani, ni ngalawa kabisa! Matengo ya mianzi pande zote mbili, ya kuzuia zisipinduke.

Jioni mama mwenye nyumba akaniwekea laing, majani ya magimbi kwa tui zito na pilipili isiyo na huruma. Nikamchorea Afrika nyuma ya risiti, Mafia ikawa nukta. Nikamwambia na sisi tunao butanding.

Akaniangalia. "Sasa huku umefuata nini?"