It Was Written: sisi tulioanza na ya pili

Juzi usiku tumebishana na washkaji kwenye grupu mpaka saa saba kuhusu It Was Written, albamu ya pili ya rapa Nas, na nikalala moyo umejaa, maana nilikuwa najua kabisa nataka kusema nini lakini kila nikianza mtu anadakia, mwingine anatupa voice note ya dakika tatu, mwingine anacheka tu. Basi naandika hapa, nimalize lote.

Ubishi wenyewe ni wa zamani. Nas alitoa Illmatic Aprili 1994, dogo wa miaka 20 kutoka Queensbridge kule New York, ngoma 10 tu ukihesabu na ile intro, dakika kama 40 hivi imeisha, na kila aliyekuwa anaijua hip hop akashika kichwa. Miaka miwili baadae, Julai 2, 1996, akatoa It Was Written, na toka siku hiyo wasikilizaji hawajawahi kupatana. Wapo wanaosema alijiuza kwa soko. Wapo wanaosema ni nzuri ila sio Illmatic, hao ndio wengi. Na siku hizi wameibuka wanaosema ya pili ndio kali kuliko ya kwanza, halafu grupu linawaka moto.

Mi niseme kwanza nilipotokea, kwa sababu nadhani hapo ndipo penye jibu.

1997 tulikuwa tunakaa Keko, nyumba ya kupanga, familia tano uani na bomba moja. Niko darasa la saba. Bro wangu alikuwa sekondari na alikuwa na redio kaseti aliyoachiwa na mjomba, mlango wa kanda umevunjika kwa hiyo kanda unaibana na kipande cha mpira wa baiskeli la sivyo inavuta. Alikuwa hakosi DJ Show ya Radio One. Siku moja akaja na kanda ya kurekodi, kanda ya kurekodi kutoka kanda nyingine ambayo nayo sijui ilirekodiwa wapi, juu imeandikwa NAS kwa peni ya bluu basi, hakuna jina la albamu wala majina ya nyimbo. Ile ndio ilikuwa It Was Written. Hatukujua kama kuna albamu kabla yake. Illmatic nimekuja kuisikia 2001, nipo form four, kwa mshkaji ambaye dada yake alikuwa analetewa CD.

Yani sisi tuliisikia nyuma mbele, na pale mtaani sikuwa peke yangu, kwa sababu kilichotufikia kwanza ni If I Ruled the World, ngoma ya humo humo aliyoimba na Lauryn Hill, redioni ilikuwa inapigwa na hata kina dada waliokuwa hawana habari na hip hop walikuwa wanaimba kiitikio. Ukiingia kwa mlango huo unaikuta albamu kama albamu. Wale wa 1996 walioisubiri miaka miwili na Illmatic kichwani, wao walikuwa wanamtafuta yule dogo wa mwanzo kila ngoma, na asipoonekana wanahesabu wamedhulumiwa. Sio kwamba hawakusikiliza vizuri. Walikuwa wanasikiliza albamu mbili kwa wakati mmoja.

Nirudi kwenye kanda. Bro alikuwa na daftari na kamusi, anabonyeza, anasikiliza, anasimamisha, anaandika, anarudisha nyuma, anaandika tena, mistari mingine ina mapengo kwa sababu kingereza cha Queens na kingereza cha shule yetu ni vitu viwili. Kuna ngoma ya nne, I Gave You Power. Inaanza jamaa anaongea tu, analalamika, wananitumia wanavyotaka, wananikamata, wananiuza, wananitupa, hakuna anayejali. Bro akasema huyu ni mtumwa. Na ilikuwa inaingia akilini kabisa, maana albamu yenyewe inafunguka shambani enzi za utumwa, mtu anachapwa mijeledi halafu anagoma, moto unawaka. Tukakaa na tafsiri ya mtumwa kama wiki mbili hivi.

Halafu siku moja jioni bro kasimamisha kanda ghafla, akaniita nikiwa naosha vyombo, akasema njoo, sio mtu huyu. Ni bastola. Bastola ndio inaongea! Akanisomea daftari upya kutoka mwanzo, mistari ile ile, na kila mstari ukageuka. Kule kufichwa chini ya siti ya gari, kule kuingizwa klabu kimya kimya, ni bastola inasimulia maisha yake. Imekaa kwenye giza miezi, pembeni yake kuna silaha nyingine ya zamani imekwanguliwa namba, imechoka kuliko yenyewe. Inamuona mwenye nayo anavyobadilika. Inahesabu waliokufa. Mwisho inachoka kabisa na inapanga, safari hii akinivuta sitoki. Siku ya tukio ikafika, jamaa kanyoosha mkono, anabonyeza, bastola imegoma. Yule wa upande wa pili hakugomewa na yake. Mwenye nayo kaanguka, bastola nayo ipo chini kwenye lami, na kwa mara ya kwanza inajisikia imepumzika, mpaka inapohisi mkono wa mtu mwingine unaiokota.

Nilikuwa mtoto na nikaisimamisha kazi ya vyombo nikakaa chini. Hakuna mtu anahubiri humo, hakuna anayekuambia silaha mbaya, amani nzuri. Na tazama jinsi ilivyofungwa, mtumwa anagoma kwenye intro, bastola inagoma kwenye ngoma ya nne, mtumwa anachoma shamba na bastola inaishia kuokotwa. Aliyetengeneza biti ni DJ Premier, piano ya huzuni tu na ngoma nzito, hana haraka. Sasa mtu akiniambia aliyeandika kitu hiki alikuwa ameacha kufikiri, naomba anieleze kufikiri ni nini.

Wanaosema alijiuza wanashika Street Dreams, na nakubali wana cha kushika. Melodi imechukuliwa kwenye Sweet Dreams ya Eurythmics, wale wa pop, kila mtu anaijua, maprodyuza Trackmasters wameing'arisha mpaka inateleza. Meneja alikuwa mpya, Steve Stoute, na lengo lilikuwa wazi, kuuza. Na iliuza, ilianza namba moja Billboard, ile chati ya albamu ya Marekani, na ikakaa pale wiki nne. Lakini angalia alikotoka. Illmatic yenye sifa zote hizo iliingia Billboard namba 12, na cheti cha dhahabu cha mauzo ikaja kukipata Januari 1996, karibu miaka miwili baada ya kutoka. Agosti 1995 kwenye tuzo za jarida la The Source, rapa mwenzake wa New York, Biggie, kabeba zake anashindwa hata pa kuzishika, Nas kaondoka mikono mitupu. Huyu ni kijana aliyeacha shule darasa la nane, baba yake Olu Dara mwanamuziki wa jazz, amekulia kwenye magorofa ya serikali ambayo ndio makubwa kuliko yote Amerika Kaskazini. Kila mtu anamwambia wewe ni fundi, na pesa hakuna. Tulitaka abaki hivyo hivyo ili sisi tumuone mkweli? Hapo ndipo nilipowaka juzi, kwa sababu aliyesema "bora angebaki na njaa yake" ni mtu ambaye mwenyewe analalamika kila siku wateja hawalipi. Njaa ya mwenzako isiwe burudani yako.

Na Street Dreams yenyewe ipo namba tatu, bastola namba nne. Zimepangwa zifuatane. Unamaliza kusikia ndoto ya gari na dhahabu, biti inalala, halafu chombo kilichotumika kuzipata kinaanza kuongea. Ukiruka moja umeikata sentensi katikati.

Malalamiko ya pili ni yale ya umafia, kwamba kajiita Escobar, kama yule bosi wa unga wa Colombia, na kuanza kusimulia utajiri wa unga ambao hakuwa nao. Hapa nawapa nusu. Affirmative Action ni kali kwa vina, rapa AZ anafungua kama kawaida yake, na binti Foxy Brown alikuwa na miaka 17 tu akasimama na wanaume watatu bila kutetereka, lakini ukimaliza unabaki na nini? Majina na bei. Nas Is Coming pia, ile aliyotengeneza Dr. Dre, nimejaribu miaka karibu thelathini kuipenda na imenishinda, biti imesimama pale pale na Nas anaimba kama mgeni kwenye nyumba ya mtu. Ila nusu nyingine siwapi. Kwenye The Message, ile yenye gitaa la wimbo wa Sting, kuna risasi inampata mguuni na unaisikia hofu, sio sifa. Kwenye Black Girl Lost anamwongelesha binti kwa upole wa kaka mkubwa japo na yeye kidogo anamhukumu. Huyu Escobar kila akivaa suti kuna mtu pembeni yake anakufa.

(The Message hiyo hiyo ndio Tupac alidhani anasemwa yeye, akajibu kwenye albamu yake aliyoitoa kwa jina la Makaveli. Inasemekana walikutana New York Septemba 1996 wakayaongea, siku chache baadae Tupac akapigwa risasi Las Vegas. Hiyo ni habari nyingine na inaniuma, tuiache.)

Kingine watu wanasahau ni kwamba maoni yetu mengine sio yetu, tumepewa. 2001 rapa Jay-Z kwenye Takeover, ngoma ya kumshambulia Nas, alizipanga albamu nne za Nas, mbili akazitupa kabisa, moja akaisema ya hivi hivi, na moja ni Illmatic. Wengi tunaamini ile ya hivi hivi ndio It Was Written. Na mtaani watu wakaibeba hukumu hiyo kama ilivyo, mpaka waliokuwa wanaisikiliza kila siku wakaanza kuisema kwa aibu, "aa ile ni ya kawaida". Adui wake katika vita ndio tumempa kalamu ya kusahihishia? Mbona rapa Lupe Fiasco wa Chicago, ambaye hakuna anayebisha kuhusu uandishi wake, amesema wazi hiyo ndio albamu yake na hata ya kwake ya kwanza aliijenga kwa kuitazama hiyo. Kuna dogo kwenye grupu, kazaliwa baada ya 2000, yeye kaziskiliza zote mbili wiki moja kwenye simu na akasema ya pili ina hadithi nyingi, ya kwanza ina hali moja tu nzuri sana. Wakubwa wakamshambulia. Mi nadhani amesema kitu cha maana kuliko sisi wote, sikubaliani naye mpaka mwisho, bado N.Y. State of Mind ya Illmatic ikianza mwili unasisimka kwa namna ambayo hakuna kitu humu kinafikia, lakini amesikia kwa masikio yake mwenyewe.

Tena kuna waliobisha juzi kwamba hakuna ngoma inaitwa Silent Murder. Ipo. CD ya Marekani haina, kwenye kanda ilikuwepo. Sisi watu wa kanda tunaijua, na kwangu hiyo ina nguvu kuliko nusu ya zile zilizobaki kwenye CD.

If I Ruled the World wengi wanaiita ngoma ya biashara na kuipita. Biti yake imetoka kwa kundi la zamani la rap, Whodini, na wazo lenyewe kwa rapa Kurtis Blow wa 1985, sawa, sio jipya. Lakini humo anasema angefungua kila selo ya gereza la Attica na watu wote awalete Afrika. Tulikuwa tunakaa Keko, gereza la mahabusu lipo pale pale, asubuhi karandinga zinapita kupeleka watu mahakamani na unaona vidole vimeshika nyavu. Bro aliandika mstari ule kwenye daftari, akauwekea alama ya kuuliza, akaniambia sasa huyu anawaleta Afrika, hajui na huku wamefungwa? Na hakuwa anamcheka. Alisema kwa masikitiko, kama mtu ambaye angependa kumwandikia barua kumwambia. Mpaka leo siwezi kuisikia ngoma hiyo kama ya sherehe, na Lauryn anavyoimba pale sauti yake nayo haina sherehe.

Baada ya ubishi kuisha saa saba ile nikamtumia bro ujumbe, yupo Mbeya siku hizi, nikamuuliza tu, kati ya ya kwanza na ya pili ipi. Asubuhi nikakuta voice note. Hakujibu swali. Aliuliza, dogo, ile ya bastola unayo kwenye simu? Nirushie.