Nilivyowapata ndege wa njano uani kwangu huku Iowa

Mimi mtoto wa Singida, nimekulia kwenye mtama na alizeti, kwa hiyo ndege kwangu alikuwa adui tu. Mtama ukianza kukomaa kazi yetu watoto ilikuwa kuamia, alfajiri uko shambani na debe lako unapiga kelele mpaka sauti inakauka, maana kweleakwelea wakishuka kundi zima msimu huo mmekwisha. Sasa mtu huyohuyo juzijuzi kasimama dukani Marekani anatoa dola kununua chakula cha ndege. Nilipomwambia mama kwenye simu akanyamaza kwanza, halafu akasema "Yaani mwanangu umekwenda Ulaya kulisha ndege?" Nikamwambia mama huku si Ulaya. Akasema ni kulekule.

Ilianzia kwa jirani, bibi mmoja mstaafu. Uani kwake kulikuwa na kindege kidogo njano ya ndimu iliyoiva, mabawa meusi na kama kofia nyeusi kwenye paji, akiruka anapanda na kushuka kama ngalawa kwenye mawimbi na huku anaongea tu, nikajisemea huyu ni chiriku kabisa. Wenyewe wanamwita goldifinchi, na ndiye ndege rasmi wa jimbo la Iowa tangu 1933. Nikasema na mimi nawataka.

Nikanunua fida, lile bomba la kuning'iniza la kulishia, nikajaza mbegu mchanganyiko za bei poa. Wakaja shomoro. Shomoro wale wale wa kwetu jamani, wanapigana wanamwaga, na chini kindi anaokota, mfuko ndani ya wiki umeisha na njano sijaiona hata unyoya. Bibi akanicheka, akaniambia hawa wanataka fida yenye vitundu vyembamba na mbegu nyeusi nyembamba, kwenye mfuko imeandikwa Nyjer. Nikaikuta dukani imepunguzwa bei nikabeba mfuko mkubwa. Nikaning'iniza, nikangoja wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, hamna kitu, hata shomoro hawaigusi.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo ndilo limenifanya niandike hii. Kazini nina rafiki Muethiopia, siku hiyo nimempa lifti akaona mfuko nyuma ya gari akashtuka, "Hii si nug?" Kumbe hizi mbegu asili yake nyanda za juu za Ethiopia, kwao wanakamua mafuta ya kupikia! Akachukua chache akaziminya kwa kucha juu ya risiti, akatikisa kichwa, vumbi tu. Mbegu nzima inatakiwa iache doa la mafuta kwenye karatasi. Yangu ilikuwa imekaa sana imekauka, na ndege akipekua mara moja akikuta mafuta hamna harudi. Halafu usidhani utaiotesha upate mpya, zikiingia Marekani zinapitishwa kwenye joto kali zisiote ili magugu yasiingie nchini.

Nikamwaga yote, roho ikauma. Nikanunua mfuko mdogo kutoka duka ambalo mzigo unatoka haraka, na sasa unakaa friji pembeni ya unga wangu wa ugali. Siku ya nne nanywa chai nikaona mmoja, jike, wao si wa njano kali, akala dakika kumi bila wasiwasi. Kesho yake wawili. Wiki iliyofuata nikawa nagombana na mke wangu nani kahamisha kiti changu cha dirishani.

Usafi nao usiupuuze. Mvua ikinyesha zile mbegu zinagandana zinaota ukungu, kwa hiyo kila wiki mbili nashusha fida naisugua na jiki, sehemu moja kwa maji sehemu tisa, nasuuza, na lazima ikauke kabisa kabla ya kujaza. Mwaka 2021 kuna majimbo watu waliambiwa washushe fida zote kwa sababu salmonela ilikuwa inaua ndege wadogo, ugonjwa unapita hapohapo wanapokula pamoja.

Baridi ilipoingia nikadhani wamehama, nimebaki na vindege vya rangi ya udongo. Nikamlalamikia bibi, akasema ndio haohao, wamebadilisha nguo tu, njano inarudi masika yao. Nilikuwa nimewalisha mwezi mzima huku nawasubiri!

Lakini kilichowaleta kweli kweli si cha dukani. Mwaka uliofuata nilipanda mstari wa alizeti kwenye uzio, yalipokauka nikayaacha na vichwa vyake, jirani mwingine akaniangalia kama mvivu. Hawa ndege wanachelewa kutaga, mpaka Julai hivi, wanangoja magugu ya miiba yatoe sufi ya kutandika kiota, kwa hiyo alizeti inakauka wakati wana makinda ya kulisha. Walining'inia kichwa chini miguu juu kwenye alizeti zangu, nikahesabu kumi na saba, nikarekodi nikamtumia mama.

Aliangalia ile video mara mbili. Kisha akapiga, "Mwanangu, huko hakuna hata debe?"