Tui la Kwanza

Jana asubuhi mwanangu wa mwisho alifungua friji akabaki ameshika mlango. "Mama, tui limefanya ngozi." Bakuli nililoliacha usiku lilikuwa limejitenga, juu tabaka jeupe gumu, chini maji ya kijivu. Akaligonga kwa kijiko, likalia kama mshumaa ukigongwa. Akaniuliza ni kitu gani.

Nami papo hapo nikawa jikoni kwa Mama, Ngamiani, Tanga, Shaabani ya mwaka 2014.

Baba alikuwa amerudi na karatasi ya vipimo. Jumla ya lehemu, yaani kolesteroli, 6.8, ile mbaya, yaani LDL, 4.6, ile nzuri, yaani HDL, 1.0, na trigliseridi, mafuta mengine ya kwenye damu, 2.6, zote kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Alikuwa hajala kwa saa 12, kwa hiyo hapakuwa na maandazi wala chai ya maziwa ya kusingizia. Daktari alitaka LDL ishuke chini ya 3, akampa miezi mitatu ajaribu kwa chakula na mwendo kabla ya kuzungumza habari za vidonge. Zilibaki wiki mbili tufanye vunja jungu, na baada yake mwezi mzima wa futari: mihogo ya nazi, magimbi ya nazi, kunde za nazi, ndizi za nazi. Nyumba nzima ikanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea lishe.

Sikutaka kuandika orodha ya makatazo na kuibandika ukutani. Nilikwisha kuona orodha nyingi za namna hiyo zikigeuka rangi ya moshi bila mtu kuzifuata. Nilitaka waone.

Jioni ile Mama alikuna nazi mbili kwa kilo moja ya mchele, kama kawaida yake. Nikamwomba tui la kwanza anipe mimi. Akatia maji ya vuguvugu, kikombe kimoja na nusu, akafikicha machicha kwa kiganja mpaka maji yakawa mazito kama maziwa ya mtindi, akakamua kwenye kifumbu. La pili akapikia wali. La kwanza nikalitia kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, nikaliweka kwenye friji hadi alfajiri. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana Tanga tunayajua kama kitu cha maji mwaka mzima, ila ule msimu wa kipupwe ambapo chupa ya mafuta ya nywele inagoma kutoka.

Asubuhi tabaka lilikuwa nene kama vidole viwili. Lakini ngozi ile si mafuta matupu, ndani yake mna maji mengi, na mtu akiipima hivyo hivyo atajidanganya. Nikaibandua, nikaitia kwenye sufuria ndogo, nikaiweka kwenye moto mdogo wa mkaa. Kwanza ilichemka kwa mapovu makubwa yenye kelele, hayo ni maji yanayotoka. Baada ya nusu saa na zaidi mapovu yakawa madogo na kelele ikafifia, chenga za kahawia zikazama chini, na harufu ya nazi iliyokaangika ikajaa nyumba. Hapo ndipo pa kuepua. Ukichelewa dakika tano mafuta yanashika uchungu. Nikachuja kwa kitambaa, nikaweka bakuli juu ya mizani ya jikoni.

Gramu 104.

Mama alikuwa anamenya vitunguu. Akaifuta mikono kwenye kanga, akaja, akainama juu ya bakuli. Mafuta yalikuwa safi kabisa, unaona maua ya bakuli chini yake.

"Haya yote yamo kwenye wali wangu?"

Nikamwambia ndiyo, na kwamba bado hatujahesabu la pili, wala mchuzi wa samaki. Sufuria ile hula watu sita, maana yake gramu 17 kwa kila mmoja. Katika hizo, karibu 15 ni za jamii ya mafuta yanayoganda, yale yanayopandisha sana LDL, hata kuliko kiini cha yai ambacho kila mtu hukishtaki. Mtu mwenye vipimo kama vya Baba, akila chakula cha kilokalori 2,000 kwa siku, hatakiwi kupita gramu 11 hadi 13 za mafuta hayo kwa siku nzima. Sahani moja ya wali wa mchana ilikuwa imekwisha kumvusha.

Hesabu zile nilizisema kwa furaha, naikumbuka furaha hiyo. Zilikuwa hesabu sahihi.

Mama hakuniangalia. Alikuwa bado anayatazama mafuta. Akasema taratibu, "Miaka thelathini na minne nampikia. Kwa hiyo ni mimi niliyemfikisha hapa?"

Baba alikuwa mlangoni, ametoka chuoni, bado ana kofia kichwani. Akasikia.

Nikaanza kujibu, na nikatafuta lugha ya Baba, kwa sababu maisha yake yote alifanya kazi bandarini. Enzi zake meli kubwa zilitia nanga nje, kwenye kina, na shehena ikaletwa gatini kwa matishari. Nikasema: lehemu ni ya jamii ya mafuta, haiwezi kuelea peke yake ndani ya damu, lazima ibebwe. LDL ndiyo tishari. Ini ndilo gati. Kwenye gati kuna nguzo za kufungia kamba, na tishari likishafungwa, ini hupakua shehena. Nguzo hizo ni vipokezi. Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kazi iliyovifichua. Mtu akila sana mafuta ya nazi, samli, siagi au mafuta ya mnyama, ini hupunguza nguzo. Matishari yanakosa pa kufunga, yanazungukazunguka, na mengine yanapenya kwenye kuta za mishipa na kuacha shehena humo humo. Miaka inapita, njia inakuwa nyembamba.

"Kwa hiyo gati limeng'olewa nguzo," Baba akasema.

Nikamwambia Mama kwamba hilo ni fungu moja tu la jambo. Lehemu nyingi hutengenezwa na mwili wenyewe, ini likiwemo, hata kwa mtu asiyewahi kuonja nazi. Na wako watu, takriban mmoja katika kila 250, waliozaliwa na kasoro kwenye nguzo hizo, hata wakila majani matupu damu yao itabaki na matishari mengi. Yawezekana ni damu ya ukoo, nikasema. Nikamkumbusha Baba Mdogo, aliyeanguka ghafla akiwa na miaka 49.

Mama akainua uso. "Naye alikuwa akila kwangu."

Sikuwa na jibu. Ninafundisha habari hizi kwa watu mpaka leo, na kwa sentensi ile bado sina jibu.

Akachukua bakuli kwenye mizani, akayamimina yale mafuta kwenye chupa tupu ya marashi, polepole, tone halikudondoka. Jioni, baada ya Magharibi, akaniita nikae chini kati ya magoti yake. Akanifumua nywele, akanipaka mafuta yale, akanisuka. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili. Hakusema neno, nami sikusema.

Yaliyofuata yalikwenda haraka, na mengi yalifanywa na yeye mwenyewe.

Aliacha kutia tui la kwanza kwenye chakula cha Baba, akabaki na la pili. Wali wa kwanza ulitoka mkavu, punje zimeshikana, maana mafuta ndiyo yaliyokuwa yakizitenga. Mara ya pili akatia kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti kwa kilo nzima, hiliki tatu zilizopondwa na kijiti cha mdalasini, akapunguza maji kidogo, wali ukachambuka. Alizeti ina kama gramu 11 tu za mafuta yanayoganda katika kila gramu 100. Nazi inazo zaidi ya 80, mawese karibu nusu. Mafuta ya dumu akaanza kuyapima kwa kijiko badala ya kumimina kwa jicho. Mafuta ya kopo, yale magumu meupe, akayatoa nyumbani kabisa, na hapo nilimshukuru sana, kwa kuwa yanapogandishwa kiwandani mengine huzaa aina ya mafuta inayopandisha LDL na papo hapo kushusha ile nzuri.

Ramadhani ilipoingia akageuza shurba. Badala ya ngano akatumia shayiri, gramu 70 kavu kwa fungu la Baba, imelowekwa tangu Adhuhuri, na nyama ya kuku isiyo na ngozi. Shayiri, kama oti, ina utomvu wa betaglukani, aina ya nyuzinyuzi, na gramu 3 za huo kwa siku zinatosha kushusha LDL kwa asilimia 5 au zaidi kidogo. Unanasa nyongo tumboni na kutoka nayo. Ini likikosa nyongo linahitaji lehemu kutengeneza nyingine, linaongeza nguzo, linavuta matishari. Kosa letu lilikuwa kuanza na kipimo kizima siku ya kwanza. Baba alivimba tumbo kwa gesi, akakataa siku mbili. Tukarudi gramu 30, tukapanda taratibu kwa wiki mbili, na maji ya kutosha kati ya futari na daku. Kunde na maharage akayaloweka usiku, akamwaga maji ya kwanza, akayaunga kwa nyanya na bamia. Vibua wakachomwa kwa ndimu na kitunguu saumu badala ya kuingia karaini.

Kahawa chungu ilileta mabishano. Kahawa iliyochemshwa na unga wake bila kuchujwa kwa karatasi hubaki na mafuta yanayoitwa kafestoli, nayo hupandisha lehemu. Watafiti wa Tromsø, Norway, waliitilia shaka kahawa kwenye makala ya mwaka 1983. Vikombe vya baraza ni vidogo, na sikutaka kumtoa mzee barazani kwa jambo ambalo huenda lina uzito mdogo kwake. Tukakubaliana viwili badala ya sita, na baraza liwe lile la mbali, aende kwa miguu.

Mwendo wenyewe aliuanza vibaya. Siku ya kwanza alitembea mpaka Raskazone, ufukweni, na kurudi, kwa makubazi, na goti likamlaza juma zima. Nikampangia upya kwa raba: dakika 10 baada ya Alasiri, kila juma aongeze dakika 5, hadi afike 30 kwa siku tano. Kipimo cha kasi, nilimwambia, ni uweze kuzungumza na mwenzako lakini usiweze kuimba kaswida. Mfungo ukaingia, akahamishia baada ya Tarawehe. Nilimweleza wazi kwamba miguu haitashusha sana LDL. Kazi yake kubwa ni trigliseridi, presha na kiuno, na ile nzuri hupanda kidogo tu.

Hatukupima mara baada ya Idi, kwa kuwa mlo na uzito huwa vimeyumba. Tulingoja mpaka miezi mitatu itimie. Jumla 5.8, LDL 3.9, nzuri 1.1, trigliseridi 1.7. Kwa chakula na miguu, LDL ilikuwa imeshuka kwa asilimia 15. Nimeona watu wachache wakipata zaidi ya hapo, nimeona wengi wakipata chini. Daktari akasema kazi ni nzuri na bado haitoshi, akaandika statini, vidonge vya kushusha lehemu, kila usiku, na chakula kiendelee vile vile. Vidonge navyo, kwa njia nyingine, hulifanya ini liongeze nguzo.

Baba alipokea vizuri. Mama ndiye aliyekaa kimya kwenye daladala. Tulipofika nyumbani akauliza, "Kwa hiyo hata nilivyobadilisha, haikuwa nazi peke yake?" Nikasema haikuwa nazi peke yake. Sikujua kama nimemtua mzigo au nimemwongezea, kwamba miezi mitatu ya jasho lake imetosha nusu ya njia tu. Mara nyingine nafikiri ningeipima ile nazi nikiwa peke yangu, nikamletea maneno tu. Lakini maneno nilikuwa nimeyaleta miaka mingi kabla, na hakuna kilichobadilika jikoni mpaka alipoyaona maua ya bakuli chini ya mafuta.

Baba ana miaka 73 sasa. Mama bado hukuna nazi mbili, na bado hutenga la kwanza na la pili kwenye mabakuli mawili. La kwanza ni la wageni na wajukuu.

Jana mtoto alikuwa bado ananingoja na kijiko chake. Nikamwambia ni mafuta. Akaniuliza kama ni mabaya. Nikaliweka bakuli mezani, nikalibandua lile tabaka, nikawasha jiko na kumwambia avute kigoda akae karibu, mapovu yakiwa madogo aniambie.