Mashine ya zamani ya kufuma nyuzi nene, na sponji isiyoonekana

Mwezi wa Juni unapoingia hapa Lubumbashi na baridi ya alfajiri kuanza kuuma, kila mtu hukumbuka sweta, nasi tunaofuma huanza kuulizana nani anauza mashine. Wengi hutafuta ile ya kawaida yenye sindano 200, zilizopangwa kwa nafasi ya milimita 4.5, kwa kuwa ndiyo inayotoa sweta nyepesi za wanafunzi. Mimi ninatumia Silver Reed SK155, mashine ya Kijapani ya miaka mingi yenye sindano 110 zinazoachana kwa milimita 9, na kwa nyuzi ninazozipata sokoni siibadilishi na nyingine. Uzi mnene hauenei katika ndoano za sindano za mashine ile ya kawaida; ukilazimishwa, hukwama. Katika hii, hata nyuzi zilizofumuliwa kutoka sweta za mitumba huingia bila taabu, mbili zikienda pamoja, na umeme ukikatika kazi haisimami, maana inaendeshwa kwa mkono.

Kigari, yaani kile kisehemu kinachosukumwa kwa mkono huku na huko juu ya safu ya sindano, kinapopita, njia zilizo chini yake hushika visigino vya sindano (vijinundu vilivyochomoza juu yake) na kuzitoa mbele moja baada ya nyingine. Kitanzi cha zamani huteleza hadi nyuma ya kiulimi cha sindano, kile kidude kinachofungua na kufunga ndoano yake, uzi mpya hulazwa ndani ya ndoano, kisha sindano ikirudi, kiulimi hujifunga na kitanzi cha zamani hupita juu yake na kudondoka. Sindano ya namna hii si ya jana: Mwingereza Matthew Townsend aliipatia hataza pamoja na mwenzake mwaka 1849. Kuna pia kadi ya matundu kwa ajili ya mapambo, ambayo hurudia kila vishono 12, kwa hiyo anayetaka maua yaishe sawasawa pande zote mbili atumie vishono 108 na kuziacha sindano mbili zipumzike.

Anayenunua mashine kama hii hutazama rangi na kutu, ambavyo mimi sivijali sana. Kinachoamua ni ufito mrefu wa chuma unaopita juu ya sindano zote, wenye utepe wa sponji ndani yake. Sponji ndiyo inayozikandamiza sindano zisiinuke, nayo huchakaa hata mashine ikikaa kabatini bila kuguswa. Isukume sindano moja mbele kwa kidole: ikichezacheza juu na chini, sponji imekufa, na kigari kitagonga au kuangusha vishono. Muuzaji atakuapia kwamba mashine ilikuwa ikifanya kazi, na huenda anasema kweli, lakini mpunguzie bei.

Dawa yake si ghali. Vuta ufito kutoka upande mmoja, bandua sponji iliyooza, safisha gundi yake, kisha bandika kipande kipya kutoka kwa mafundi wa makochi, na juu yake utepe laini wa kitambaa ili sindano ziteleze. Grisi iliyoganda ndani ya kigari ifutwe kabisa kabla ya kutia mafuta ya cherehani, tena kidogo, la sivyo sweta ya kwanza itatoka na madoa. Kipande cha majaribio nacho kipimwe baada ya kukiacha kilale usiku mzima, kwa sababu vizito vinavyotundikwa kwenye kitambaa wakati wa kufuma hukivuta kikaonekana kirefu kuliko kilivyo.