Orodha ya Japani: mwezi kwanza, mji baadaye

Rasimu ya 1

Hii ni orodha ya vyakula na matukio ya kufuata katika safari moja ya Japani, na jinsi ilivyobadilika. Mwanzoni ilikuwa safu tatu tu: chakula, mji, kiungo cha picha. Mistari 38. Ilipendeza machoni, lakini haikufaa kitu. Hotaru ika, wale ngisi wadogo wanaong'aa wa ghuba ya Toyama, huvuliwa Machi hadi mwanzoni mwa Juni. Maandamano makubwa ya tamasha la Gion mjini Kyoto ni Julai 17. Zuwaigani, kaa wa miguu mirefu wa Bahari ya Japani, hawaruhusiwi kuvuliwa kuanzia Toyama kwenda magharibi kabla ya Novemba 6. Hakuna tiketi moja ya ndege inayokusanya vyote hivyo.

Palikuwa na kosa jingine linalonakiliwa kila mahali: "mnada wa jodari, Tsukiji". Soko la jumla la samaki la Tokyo lilihama Tsukiji kwenda Toyosu Oktoba 2018. Kilichobaki Tsukiji ni maduka na vibanda vya nje: pazuri kula, ila mnada hakuna.

Rasimu ya 2

Mji umeshushwa, mwezi umepanda kuwa safu ya kwanza. Baada yake: kitu chenyewe, mahali, siku ya kufungwa, saa ya mwisho, namna ya kuweka nafasi, kilichofichwa ndani ya chakula, gharama kwa yen. Mstari usio na mwezi haukubaliwi.

Saa zote ziandikwe kwa tarakimu 24. Hili si urembo. Duka la udon, tambi nene za ngano, linalofunga 14:00, ukiliandika "saa nane" kwenye jedwali lenye saa za treni, siku ya safari utalisoma 08:00 au 20:00, na vyote viwili ni njaa.

Jedwali likapangwa kwa mwezi, na Novemba ikashinda bila ubishi. Katsuo, aina ya jodari mdogo, wanaoteremka kutoka maji ya kaskazini wamenona kuliko wale wa masika, na mji wa Kochi bado huwapata mwanzoni mwa mwezi. Soba, tambi za buckwheat, ya mavuno mapya imeshaingia madukani. Kaa ndiyo kwanza wamefunguliwa, na majike wenye mayai huvuliwa hadi mwisho wa Desemba tu. Mashindano ya sumo, mieleka ya Kijapani, yako Fukuoka, siku 15, kwa kawaida kuanzia Jumapili ya pili ya Novemba. Majani ya Kyoto huwa mekundu kuanzia katikati ya mwezi kwenda mwisho. Dirisha: wiki mbili zinazoanza siku chache baada ya Novemba 6. Mistari ikabaki 11.

Tokyo imetoka. Najua itawauma wengi, lakini kwa chakula cha Novemba uzito uko magharibi, na Kansai, eneo la Osaka na Kyoto, inafikika kwa ndege kupitia Dubai.

Pasi ya treni ya nchi nzima nayo imetoka. Ya siku 7 ilikuwa yen 29,650. Oktoba 2023 ikawa 50,000. Kwa mzunguko wa Osaka, Fukuoka, Takamatsu na Kyoto, pasi za kanda za JR West, kampuni ya reli ya magharibi mwa Japani, zina nafuu kubwa. Soma ramani ya kila pasi kabla ya kulipa: nyingine huishia Okayama, na daraja la kwenda Shikoku, kisiwa chenye Takamatsu, ukalilipia mfukoni.

Mstari wa 4: Takamatsu, udon ya Sanuki (jina la zamani la eneo hilo)

Huu ndio umejazwa vizuri kuliko yote, kwa sababu hapa mgeni hukwama kaunta watu wakimsubiri nyuma. Unachukua sinia, unataja ukubwa. Sho (ndogo) ni donge moja la tambi; dai (kubwa) mara nyingi ni matatu. Maduka mengine hukupa bakuli la tambi zilizopoa na kazi iliyobaki ni yako: unazimimina kwenye chujio la mpini mrefu, unalizamisha kwenye maji yanayochemka kama sekunde 10, unakung'uta kwa nguvu, unarudisha bakulini, ndipo unafungua bomba la supu. Usipokung'uta, maji yanazimua supu na utailaumu supu bure. Juu yake kitunguu cha majani na tangawizi iliyokwaruzwa.

Supu yenyewe hutokana na iriko, yaani dagaa waliochemshwa wakakaushwa. Mtu aliyekulia Kigoma au Mwanza ataitambua harufu kabla ya kuonja.

Maduka mengi hufungua asubuhi na kufunga mapema mchana, au tambi zikiisha. Kwa hiyo ni maduka mawili kwa siku, la pili kabla ya 12:00, na kila moja lina siku yake ya mapumziko.

Safu ya "kilichofichwa"

Kwa Mwislamu hii ndiyo safu inayoamua. Nguruwe (豚) anaonekana kirahisi. Pombe haionekani: mirin halisi, divai tamu ya mchele ya kupikia, ina kilevi cha karibu asilimia 14 na huingia kwenye michuzi mingi, sake (酒), pombe ya mchele, vilevile, na baadhi ya chupa za mchuzi wa soya huongezewa alkoholi. Sentensi ya kuonyesha kaunta: "Sake ya mirin wa haitte imasu ka?", yaani "Je, kuna sake au mirin ndani yake?" Fukuoka ndiyo nyumbani kwa rameni ya tonkotsu, tambi kwenye supu ya mifupa ya nguruwe, kwa hiyo sumo ilibaki na rameni ikafutwa. Kobe imeingia badala yake: msikiti wake ni wa 1935, wa kwanza Japani, na karibu nao kuna migahawa ya halali.

Koyasan, mlima wenye mahekalu ya Kibuddha yanayolaza wageni, ina chakula cha watawa kisicho na nyama wala samaki. Supu hutolewa kwa kombu, mwani mnene uliokaushwa, na uyoga wa shiitake. Mirin bado inaweza kuwemo, basi ulizia wakati wa kuweka nafasi. Fika hekaluni kabla ya 17:00, kwani chakula cha jioni huwa karibu 17:30 na hakikusubiri.

Hali ya sasa

Viza ya kuingia mara moja hudumu miezi mitatu tangu kutolewa, kwa hiyo kuomba kabla ya katikati ya Agosti ni kujipunja. Ubalozi hutaka ratiba ya siku kwa siku. Jedwali likipangwa kwa tarehe, ratiba imeshakamilika nusu. Tiketi za sumo hufunguliwa wiki kadhaa kabla ya mashindano.

Mstari wa 9 bado ni mwekundu, yaani haujaamuliwa: kaa wa Kinosaki, mji wa chemchemi za maji moto. Chakula kamili cha kaa huuzwa pamoja na malazi, bei yake inaweza kumeza bajeti ya siku tatu, na nyumba nyingi za wageni hazipendi kupokea mtu mmoja. Mbadala unaojaribiwa ni treni ya asubuhi kutoka Kyoto, safari ya muda wa saa mbili na nusu hivi, bakuli la wali wa kaa mchana, bafu moja la umma, na kurudi jioni.